Tirana Ilivyopakwa Rangi

Mafundi walipoanza kupaka rangi ya chungwa kwenye ukuta wa kijivu wa jengo moja la fleti mjini Tirana, barabara iliziba. Madereva walisimamisha magari, wapita njia wakakusanyika na kutazama juu. Ofisa Mfaransa wa Umoja wa Ulaya aliyesimamia fedha za ukarabati alifika mbio kutaka kazi isimamishwe, akisema rangi hizo hazikidhi viwango vya Ulaya. Meya wa mji, Edi Rama, aliyekuwa amechaguliwa Oktoba 2000, alikataa. Kwa simulizi yake mwenyewe, alimjibu ofisa huyo kwamba hakuna kitu chochote katika mtaa ule kilichokidhi viwango vya Ulaya, na kwamba akizidi kuwazuia angewaita waandishi wa habari pale pale barabarani na kuwaambia kuwa bwana huyu anafanya kazi ile ile ya wakaguzi wa sanaa wa enzi ya ukomunisti. Ofisa akaomba wakubaliane katikati. Rama akamwambia kuwa rangi zikipatanishwa hutoka kijivu, na kijivu Tirana ilikuwa nacho cha kutosha.

Kisa hiki kimezunguka dunia, na wengi wanaokisimulia huishia hapo: meya msanii, ndoo za rangi, mji ukafufuka. Simulizi ya namna hiyo ina madhara. Inawafanya wakuu wa miji mingine waagize rangi, wapake barabara moja ambayo mgeni wa serikali atapita, kisha washangae kwa nini mji umebaki vile vile. Kazi ya Tirana ilikuwa na mpangilio wake. Kuna kilichotangulia rangi na kuna kilichofuata, na bila kuvifahamu hivyo mtu hawezi kueleza rangi yenyewe ilifanya nini.

Tuanze na mji wenyewe. Enver Hoxha aliitawala Albania tangu 1944 hadi alipofariki 1985. Magari binafsi yalipigwa marufuku, na raia hakuweza kuhamia mji mkuu bila ruhusa ya dola. Mahandaki ya zege yalijengwa nchi nzima, hesabu inayotajwa sana ikiwa zaidi ya 170,000. Utawala huo ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, vizuizi vyote vilifunguka kwa mkupuo mmoja. Watu wakamiminika Tirana kutoka milimani na vijijini. Magari yakajaa katika barabara zilizochorwa kwa ajili ya baiskeli na gwaride. Kisha mwaka 1997 mifumo ya upatu iliyokuwa imekusanya akiba za familia karibu nchi nzima ikaporomoka, maghala ya silaha yakavunjwa, na watu wapatao 2,000 wakauawa katika vurugu zilizofuata. Raia aliyepitia hayo alikuwa na kila sababu ya kuamini kuwa chochote kilicho nje ya mlango wake si chake, hakina mwenyewe, na mwenye nguvu ndiye atakayekichukua.

Imani hiyo ilionekana kwa macho. Katikati ya mji hupita mto mdogo uitwao Lana, uliochimbiwa mfereji ulionyooka wenye nyasi pande zote mbili. Kufikia mwaka 2000 nyasi hizo hazikuonekana tena. Kingo zilikuwa zimefunikwa na vibanda, baa, maduka na majengo ya ghorofa yasiyo na kibali, na mto ukageuka kuwa mtaro wa majitaka nyuma ya majiko ya watu. Bustani ya Rinia iliyo jirani na mto huo ililiwa kwa namna hiyo hiyo. Na waliojenga hapo hawakuwa wahalifu wa kutisha. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliopoteza ajira viwanda vya serikali vilipofungwa, wakajenga pa kuuzia kahawa ili watoto wale.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa bomoabomoa, na ndiyo sehemu ambayo wasimulizi wa ndoo za rangi huiruka. Manispaa iliusafisha mto na bustani kwa mpango ulioitwa Kurudi kwenye Utambulisho, ukisaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Rama amesema kwamba kwenye kingo za mto peke yake ziliondolewa tani 123,000 za zege, na kwamba katika mji mzima yalibomolewa majengo haramu zaidi ya 5,000, mengine ya hadi ghorofa nane. Nyasi na miti ikapandwa mahali pake. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa bomoabomoa ni nini wala inamwacha wapi mwenye kibanda. Naitaja bila kuipamba, kwa sababu bila mto ule kuachwa wazi, rangi zingekuwa mapambo juu ya uvamizi. Mkazi alikuwa ameshaona jambo moja ambalo hakulitarajia: kwamba ardhi ya wote inaweza kurudi kuwa ya wote, hata kama aliyeichukua ana ghorofa juu yake.

Baada ya hapo ndipo zikaja kuta.

Ili kuelewa kwa nini kuta, lazima kujua nani alikuwa mwenye kuta. Fleti za Tirana zilijengwa na dola, majengo ya ghorofa tano au sita, ya matofali au ya zege lililofyatuliwa kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliwauzia wapangaji fleti walizokuwa wakiishi. Kila familia ikawa na hati ya vyumba vyake. Ngazi, paa na kuta za nje zikabaki bila mtu. Aliyetaka chumba cha ziada aliziba roshani yake kwa matofali, jirani wa juu akaweka vioo na fremu za chuma, wa chini akasukuma ukuta wake mita kadhaa hadi uani. Jengo moja likawa na nyuso ishirini, kila moja ikieleza uwezo wa familia moja, na kati yao plasta ilibanduka kwa sababu haikuwa ya yeyote.

Kipande hicho kisicho na mwenyewe ndicho alichokilenga Rama. Kukarabati ndani ya nyumba kungehitaji fedha ambazo manispaa haikuwa nazo, pamoja na ruhusa ya kila familia. Kuvunja nyongeza zote kungeleta vita. Ukuta wa nje ungeweza kupakwa ndani ya siku chache, kwa fedha kidogo, na ungeonwa na kila apitaye, awe na fleti pale au asiwe nayo. Michoro mingi ya mwanzo aliichora mwenyewe. Ukizitazama picha za majengo hayo utaona ufundi ambao si rahisi kuugundua mara moja: mistari na mabamba ya rangi hayafuati mipaka ya fleti. Bamba la njano linaanzia kwenye roshani iliyozibwa ya familia moja, linavuka fremu za chuma za familia ya pili na kumalizikia kwenye tofali la ya tatu. Nyongeza zilizokuwa zikigombana zinasomeka kama sehemu za kitu kimoja. Hakuna aliyenyang'anywa chumba chake, lakini uso wa jengo umerudishwa kuwa wa jengo.

Hapa mawazo yalifanya kazi ya fedha. Mji wenye hazina tupu ulichagua kubadili kitu kilichoonekana na watu wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi, na ukakibadilisha kwa namna ambayo isingewezekana kukipuuza. Kama kuta zingepakwa rangi ya maziwa au samli, watu wangepita tu. Rangi ya chungwa, zambarau na kijani kibichi iliwalazimisha wabishane. Na walibishana. Rama amesema kuwa kwenye mikahawa, nyumbani na barabarani hakukuwa na mazungumzo mengine isipokuwa rangi na kile ambacho rangi zinawafanyia.

Manispaa ikafanya kura ya maoni. Kwa takwimu anazozitoa meya huyo, asilimia 63 walisema wanazipenda rangi na 37 wakasema hawazipendi. Swali la pili liliuliza kama kazi isimame au iendelee. Nusu ya wale wasiozipenda walitaka iendelee.

Kwangu mimi, jibu hilo la pili ndilo linaloonyesha kwamba kazi ilifanikiwa. Mtu anayesema sipendi rangi hii lakini msiache kupaka hazungumzii rangi. Anasema kuwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ameona mtu akifanya jambo kwa ajili ya mtaa mzima, na hataki limalizike. Kipimo cha kawaida cha ofisi ya mipango miji kisingelinasa jambo hilo: barabara ilikuwa ile ile na mabomba yalikuwa yale yale, ila makisio ya mtu kuhusu jirani zake yalikuwa yamebadilika.

Kuhusu makisio hayo kuna ushahidi mzuri wa baadaye. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, wakiongozwa na Kees Keizer, walichapisha majaribio yao katika jarida la Science. Walifunga vikaratasi vya matangazo kwenye usukani wa baiskeli zilizoegeshwa kichochoroni. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walikitupa kikaratasi chini. Ukuta ule ule ulipochafuliwa kwa michoro ya ovyo, idadi ilipanda hadi asilimia 69. Jaribio jingine liliacha bahasha ikichungulia kwenye sanduku la barua, na noti ya euro 5 ikionekana ndani yake. Mazingira yalipokuwa safi, asilimia 13 ya wapita njia waliichukua. Sanduku lilipochafuliwa kwa michoro, asilimia 27. Watu walikuwa wa aina moja na sheria ni moja. Kilichotofautiana ni kile ambacho ukuta uliwaambia kuhusu wenzao: hapa watu hujali, au hapa hakuna anayejali.

Majaribio hayo yanapima tendo la dakika moja, na Tirana ni kazi ya miaka. Hata hivyo yanasaidia kueleza kisa ambacho Rama hukirudia. Katika mtaa mmoja uliopakwa rangi alimkuta mwenye duka akiondoa mlango wake wa chuma wa kukunja na kuweka kioo. Akamuuliza kwa nini. Mwenye duka akasema mtaa sasa uko salama. Meya akauliza kama wameongezewa polisi. Yule bwana akashangaa, polisi gani? Akamwonyesha rangi, taa za barabarani, njia mpya ya waenda kwa miguu isiyo na mashimo, miti. Pamependeza, basi pako salama.

Fikiria mlango ule wa chuma ulikuwa ukifanya nini. Jioni duka linapofungwa, chuma kinashushwa na mtaa unakuwa ukuta wa bati kutoka kona hadi kona. Apitaye usiku haoni ndani na hakuna anayemwona. Anaharakisha, na kwa kuharakisha anauacha mtaa mtupu zaidi, jambo linalompa mwenye duka sababu zaidi ya kushusha chuma. Kioo kinageuza mzunguko huo. Mwanga wa duka unamwagika barabarani, mtu anapunguza mwendo kutazama bidhaa, mwingine anamwona mwenzake amesimama naye anasimama. Usalama wa mitaa ya kati unajengwa zaidi na macho ya namna hii kuliko na doria. Lakini mwenye duka wa kwanza anayeweka kioo anajitia hatarini peke yake, na hatathubutu mpaka awe na sababu ya kudhani kuwa wa pili na wa tatu watamfuata. Rangi zilimpa sababu hiyo. Kumbuka pia kwamba aliitaja rangi pamoja na taa, njia na miti. Yeye mwenyewe hakuitenganisha.

Rama anadai pia kwamba takataka zilipungua mitaani, watu wakaanza kulipa kodi, na ushuru maalumu wa kijani ukakubaliwa na wafanyabiashara wakaulipa bila kuvutana. Ni madai ya mwanasiasa kuhusu kazi yake, na yapimwe hivyo. Kilicho wazi ni kwamba wakazi walimchagua tena 2003 na 2007, na mwaka 2004 alishinda tuzo ya Meya wa Dunia.

Kuna upande mwingine wa kuona, ambao mhandisi na mchoraji ramani hawautilii maanani vya kutosha. Mwaka 1960 Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alitoa kitabu The Image of the City baada ya kuwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles na kuwaomba wachore miji yao kwa kumbukumbu. Alionyesha kuwa watu huubeba mji kichwani kwa vitu vya aina tano: njia, mipaka, maeneo, makutano na alama. Mji usio na vitu hivyo vya kutosha mkazi hawezi kuuchora, na asichoweza kukichora ni vigumu kukipenda. Majengo ya Tirana yalifanana kwa makusudi. Dola iliyoyajenga ilitaka yafanane. Yakipakwa rangi yakawa alama. Mto uliofunguliwa ukawa tena mpaka na njia. Katika tamasha la sanaa la Tirana la mwaka 2003, wasanii wa kimataifa kama Olafur Eliasson, Liam Gillick na Rirkrit Tiravanija walialikwa kuchora kuta nyingine, na mji ukazidi kuwa na mahali pa kuelekezana.

Sasa yaliyoachwa. Mwaka huo huo wa 2003 Anri Sala, msanii mzaliwa wa Tirana na rafiki wa meya, alitengeneza filamu fupi iitwayo Dammi i colori. Kamera imo ndani ya gari usiku, taa kali inapita juu ya kuta na rangi zinachomoza gizani, huku sauti ya Rama ikieleza alichokusudia. Taa inaposhuka unaona chini ya kuta hizo: vumbi, mitaro iliyochimbwa, vifusi. Sala ni rafiki, lakini hakuficha. Waliopinga mradi walisema hivyo hivyo, kwamba mji wenye mgawo wa umeme na mabomba makavu umepewa vipodozi. Nawaelewa. Ila naona walikosea katika kudhani kuwa rangi ilichukua nafasi ya maji. Manispaa haikuwa na fedha za kubadilisha mabomba mwaka 2000, iwe imepaka au haikupaka. Lawama ya haki ni nyingine: rangi ni ahadi ya hadharani, na ina muda wake. Jua na mvua huila. Mahali ambapo taa, njia na maji vilifuata, ukuta ulipochujuka hakuna aliyejali sana. Mahali ambapo havikufuata, ukuta uliochujuka ulikuwa ushahidi dhidi ya aliyeupaka.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Rangi ziliwekwa katikati ya mji na kwenye barabara kuu. Nje ya mji, Bathore, maelfu ya familia zilizohama kutoka kaskazini zilikuwa zimejenga kwenye mashamba ya zamani ya serikali bila barabara, bila maji, bila hati. Huko kazi ilifanywa kwa njia tofauti kabisa. Taasisi ya Co-PLAN ilikaa na wakazi, na wao wenyewe wakakubali kusogeza nyuma uzio wa viwanja vyao ili barabara ipate pa kupita. Hapakuwa na rangi wala kamera. Lakini jambo lililotokea ni lile lile la mwenye duka na kioo chake: mtu anaachia kipande cha kilicho chake kwa sababu ameamini jirani ataachia cha kwake. Bathore walilifikia kwa mazungumzo ya muda mrefu, katikati ya mji wakalifikia kwa kushtuliwa macho. Napenda zaidi njia ya Bathore, ingawa nakubali kuwa mji uliokuwa umetoka kwenye risasi za 1997 usingeweza kuanza na vikao katika kila mtaa.

Rama alishindwa uchaguzi wa umeya wa 2011 kwa tofauti isiyofika kura 100, baada ya hesabu iliyogombewa vikali, na mwaka 2013 akawa waziri mkuu. Mpango wake wa uwanja mkuu wa mji, Skanderbeg, ulisimamishwa, ukarejewa, na uwanja ukafunguliwa 2017. Pale palipokuwa na mzunguko mkubwa wa magari sasa kuna sakafu ya mawe yaliyoletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Wasanifu wa 51N4E kutoka Ubelgiji, wakishirikiana na Sala, waliinua kidogo sakafu hiyo katikati na kuiteremsha pande zote. Mteremko ni mdogo kiasi kwamba mguu hauuhisi sana, ila jicho linauona: anayesimama katikati hatazami tena kwa unyonge majengo makubwa ya Waitaliano na ya wakomunisti yaliyomzunguka. Uwanja huo ulishinda tuzo ya Ulaya ya maeneo ya umma mwaka 2018.

Lakini kuna pia Jumba la Taifa la Maigizo, lililojengwa na Waitaliano mwishoni mwa miaka ya 1930. Serikali ya Rama na manispaa walitaka jumba jipya mahali pake. Wasanii na wakazi walilinda lile la zamani kwa zaidi ya miaka miwili, wakilala humo kwa zamu. Mtandao wa urithi wa Ulaya, Europa Nostra, uliliweka kwenye orodha ya majengo saba yaliyo hatarini zaidi mwaka 2020. Alfajiri ya tarehe 17 Mei mwaka huo, wananchi wakiwa chini ya masharti ya korona, polisi waliwatoa waliokuwemo na mashine zikalibomoa. Watu wale walikuwa wanafanya kile kile ambacho rangi zililenga kuwafundisha: kukitunza kisicho cha nyumbani kwao kama chao. Safari hii walipaswa kuulizwa swali la pili kabla ya mashine kufika, na hawakuulizwa.